Duara la mikato 16: kisa cha somo la ufumaji lililogoma darasa la nne

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwalimu mwenye darasa. Nimeondoa jina la shule, majina ya watoto na kila kinachoweza kuwatambulisha. Mtiririko wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Muhula ule mimi nilikuwa mwalimu mlezi wake: napitia maandalio yake ya masomo, na mara mbili kwa wiki naketi dawati la nyuma nikiangalia. Kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu.

Usuli

Darasa lilikuwa la nne, watoto 36, wengi wao wa miaka 9 na 10. Katika hesabu walikuwa wamepita mada ya namba witiri (kama 1, 3, 5) na namba shufwa (kama 2, 4, 6), na kwenye daftari hawakuwa na tabu nayo. Ukiwauliza 14 ni ipi, mikono inapaa darasa zima. Kilichomkera mwalimu ni kwamba ujuzi wenyewe uliishia hapo. Mtoto mmoja alimuuliza waziwazi, mtu akishajua kwamba namba fulani ni witiri, inamsaidia nini? Mwalimu alijibu alivyojibu, lakini aliponisimulia baadaye aliniambia jibu lake halikumridhisha hata yeye.

Akaamua kulitafuta jibu kwenye kipindi cha sanaa. Muhula uliotangulia darasa hilohilo lilikuwa limefuma mikeka midogo ya karatasi: karatasi moja unaichana mistari bila kuikata ukingo, kisha unapitisha vipande vya rangi nyingine juu na chini, juu na chini. Kazi hiyo ni ya zamani sana kwa watoto. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliiweka miongoni mwa kazi za mikono za watoto wake. Darasa liliipenda na kuimudu. Mwalimu akataka kuwavusha hatua moja: kufuma kwa uzi wa sufu, kwenye duara la kadibodi.

Kwa asiyeijua kazi hii: unakata duara, ukingoni unatia mikato mifupi, katikati unatoboa tundu. Uzi wa kwanza, yaani mtande, unatoka tunduni, unakwenda hadi kwenye mkato, unapinda kwenda nyuma, unarudi tunduni, unatoka tena kuelekea mkato unaofuata. Ukimaliza mikato yote, duara linakuwa kama gurudumu la baiskeli lenye spoki zake. Hapo unachukua uzi wa pili, mshindio. Unaanzia karibu na kitovu, unaupitisha juu ya spoki moja na chini ya inayofuata, ukizunguka na kuzunguka mpaka ukingoni. Mwisho unakata nyuzi za nyuma, unafunga ncha zake mbili mbili, na kadibodi inatoka.

Mpango

Vipindi 6 vya dakika 40, ndani ya wiki mbili. Watoto wafanye kazi jozi jozi, jozi 18. Kila duara liwe na kipenyo cha sentimita 20, la kadibodi mbili zilizogundishwa mifereji ikipishana, maana kadibodi moja ya boksi hujikunja mtande ukivutwa. Matundu ya katikati mwalimu aliyatoboa mwenyewe kwa msumari kabla ya siku. Mtande ukatwe pima tatu za mtoto (pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa), mshindio pima moja moja, kwa sababu uzi mrefu mikononi mwa mtoto wa miaka 9 unakuwa fundo kabla hujageuka. Haya yote yalikuwa mazuri, na mpaka leo sioni la kubadilisha.

Mikato aliiweka 16. Sababu yake ilikuwa kukunja. Unakata karatasi ya duara, unaikunja nusu, nusu tena, mara nne. Ukiikunjua una sehemu 16 zilizo sawa, na mikunjo yote inakutana kwenye kitovu. Mtoto hahitaji rula wala kipimapembe. Nilimsifu kwa wazo hilo, na kwa kweli ni zuri. Ila ukikunja duara nusu kwa nusu unapata 2, 4, 8, 16, 32. Witiri huipati hata ukunje mpaka karatasi ikatae. Somo la witiri na shufwa tulikuwa tumelijenga juu ya mbinu isiyoweza kuzaa witiri, na wala hatukuliona hilo.

Sampuli alitengeneza. Alifuma mzunguko mmoja, ukatoka vizuri, akaniletea. Nikaitazama, nikasaini andalio la somo. Kati yetu wawili hakuna aliyefuma mzunguko wa pili.

Kipindi cha kwanza na cha pili

Kipindi cha kwanza kilimezwa chote na mtande. Hilo tulilitarajia. Kulikuwa na duara moja tu lililoharibika: jozi iliyokaa karibu na mlango ilichana kadibodi kati ya mikato miwili, ikabaki nafasi moja pana yenye kingo zilizochakaa. Walipitisha uzi mmoja hapo, wakaendelea na mikato mingine. Waliaibika kidogo, wakalifunika duara lao kwa daftari.

Kipindi cha pili ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mwalimu aliwafundisha wimbo mfupi wa kufumia, "juu, chini, juu, chini," wenye sauti ya kupanda na kushuka, darasa zima likaimba huku vidole vinakwenda. Mzunguko wa kwanza ulikamilika kwa kila jozi. Nakumbuka nilivyofurahi kule nyuma.

Mzunguko wa pili ukaanza kuleta maneno. Msichana wa safu ya dirishani aliinua mkono akasema, "Mwalimu, uzi unapita palepale." Mwalimu alimwendea, akatazama, akamwambia kwa upole, "Umeruka moja mahali. Fumua, anza upya." Akafumua. Akaanza tena, safari hii akigusa kila spoki kwa ncha ya kidole cha shahada kabla ya kupitisha uzi, midomo ikisoma juu, chini. Alipofika mwisho wa mzunguko, uzi ulikuwa umelala juu ya uzi wa kwanza, mahali palepale. Hakuinua mkono tena. Alimtazama mwenzake, akavuta ncha ya uzi taratibu, na mizunguko miwili ikateleza pamoja.

Yule mtoto hakuwa ameruka spoki hata moja. Kwenye spoki 16, ukianza kwa juu unamaliza kwa chini, kwa hiyo unaporudi kwenye spoki ya kwanza zamu inakuwa ya juu tena. Mzunguko wa pili unaufuata wa kwanza nyayo kwa nyayo, na wa tatu vivyo hivyo. Spoki 8 zinafunikwa na uzi, 8 zinabaki uchi, na hakuna kinachoshikana. Waliofuata wimbo kwa uaminifu zaidi ndio walioharibikiwa zaidi. Waliokosea hesabu katikati, wakaimba juu mara mbili, kazi yao ilishika kidogo kabla ya kuachia tena.

Jozi moja ilikuwa na mtoto anayetumia mkono wa kushoto. Walikuwa wakipokezana kila mzunguko: mmoja anakwenda upande huu, na mwenzake akipokea anazungushia spoki ya mwisho na kurudi alikotoka. Mwalimu aliwakuta, akawaambia wanarudi nyuma, wote waelekee upande mmoja. Wakatii. Nami nilimwona akiwaambia, nikakubaliana naye moyoni.

Kengele ilipolia karibu madawati yote yalikuwa na maduara yenye mbavu nje. Wawili walikuwa wanalia.

Usiku wa kurekebisha

Mwalimu alibeba maduara 6 nyumbani, ya wale walioumia zaidi. Mezani kwake, mkono wake ukakutana na kile walichokutana nacho watoto. Akagundua kwamba akifika mwisho wa kila mzunguko, akipita juu ya spoki mbili kwa pamoja badala ya moja, zamu inageuka na nyuzi zinashikana. Akafuma mizunguko mitatu mitatu kwenye kila duara. Nia ilikuwa njema kabisa: kesho waanze pazuri, wapate moyo.

Asubuhi alipoyarudisha, mvulana mmoja aliligeuza duara lake, akatafuta nyuma fundo alilofunga mwenyewe, akaliona. Kisha akaligeuza tena mbele. "Fundo letu," alisema, "lakini hii siyo yetu." Aliliweka pembeni. Wengine walipokea na kuendelea pale mwalimu alipoishia, wakiimba wimbo uleule, na baada ya mzunguko mmoja uzi ukaanza kulala palepale, maana siri ya spoki mbili haikusafiri na lile duara. Iliyokuwa kazi yao ilikuwa imechukuliwa, na wasichokijua hawakuongezewa.

Tulikaa wakati wa mapumziko. Mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kutupa maduara yote na kuleta mapya yenye mikato 15, bila maneno mengi. Hii ingeokoa muda, na maonyesho yangependeza. Ya pili, kueleza ubaoni: shufwa inagoma, witiri inakubali, andikeni. Ya tatu, kuwaachia watoto waseme wenyewe kwa nini. Mwalimu alikuwa anaelekea ya kwanza, na simlaumu. Alikuwa amechoka, na vipindi viwili vilikuwa vimekwenda. Kilichombadilisha ni duara la jozi ya mlangoni, lile lililochanika. Lilikuwa limefumwa mizunguko minne, limebana, limenyooka. Tulihesabu spoki zake. Zilikuwa 15.

Ikiwa darasani kuna duara moja linalokubali na mengine yanayogoma, swali lipo tayari, na limetengenezwa na watoto wenyewe. Tukachagua njia ya tatu kwa sharti moja: dakika 20 zikipita bila mtu kukaribia, mwalimu awaombe wahesabu. Asiwape jibu.

Kipindi cha tatu

Aliweka maduara mawili kwenye meza ya mbele, lile la mlangoni na lile la msichana wa dirishani, akawaita watoto wasogee. "Haya yote yamefumwa kwa wimbo mmoja. Hili limeshika, hili halikushika. Yanatofautiana nini?"

Majibu ya kwanza yalikuwa yale mtu angeyatarajia. Uzi wa hili ni mzito. Rangi nyekundu inashika kuliko ya kijani. Wale wana mikono myepesi. Kadibodi yao imelegea kwa sababu imechanika. Mwalimu aliandika kila moja ubaoni kwa maneno ya aliyesema, bila kuitikia ndiyo wala hapana, na hilo lilimtaka kujizuia kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimwona akiibana chaki. Kisha akawauliza ni lipi kati ya hayo wanaweza kulijaribu sasa hivi. La rangi walilijaribu kwa dakika tatu na likafutwa. La kadibodi kuchanika liliwasumbua zaidi, na ndilo lililowafikisha. Mvulana mmoja akauliza pale palipochanika mnapitishaje uzi. Mmoja wa wenye duara akajibu kwa sauti ndogo, "Tulitia mmoja tu." Kimya. Halafu mtu akaanza kuhesabu spoki kwa sauti, wengine wakamfuata, na walipotua kwenye 15 kelele zilizopigwa zilisikika darasa la jirani.

Mwalimu hakuishia hapo. Aliwauliza: mnaweza kulifanya duara la 16 liwe kama la 15 bila kukata kitu? Ilichukua muda. Msichana wa dirishani ndiye aliyeziunganisha spoki mbili za jirani kwa vidole, akazifanya moja, akafuma mzunguko huku mwenzake akizishika. Mzunguko wa pili ulipopita juu ya spoki zilizokuwa uchi, alitoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Ndipo jozi ya mkono wa kushoto ikainua mkono. Wakasema wao kwenye 16 walikuwa wameshafuma na ilishika, kabla hawajaambiwa waelekee upande mmoja. Mwalimu akawaomba waonyeshe. Walipozungushia spoki ya mwisho na kurudi, kila palipokuwa juu pakawa chini, na nyuzi zikashikana barabara, isipokuwa pale wanapogeukia pakabaki ufa, kwa kuwa hakuna uzi unaovuka hapo. Mwalimu aliwaomba radhi mbele ya darasa zima. Alisema, "Mlikuwa na njia yenu, mimi sikuitazama." Watoto wale walitazama chini wakitabasamu, na kipindi kizima kilichofuata walikuwa wakiitwa na majirani kuonyesha.

Nani aamue idadi ya mikato

Kwa maduara mapya mwalimu alibadilisha kitu kimoja kikubwa kwenye mpango: idadi ya mikato waichague watoto, na waeleze kabla ya kukata. Kukunja hakukufaa tena, ikabidi watafute njia ya kugawanya duara kwa namba isiyokunjika. Waliuzungusha ukanda wa karatasi kwenye ukingo wa duara, wakaukata ncha zilipokutana, wakaunyoosha kwenye rula. Karibu sentimita 63, kama inavyostahili duara la kipenyo cha 20.

63 ni namba ya ukarimu. Inagawanyika kwa 7, kwa 9 na kwa 21. Watoto waligundua kwamba mikato 9 inakaa kila sentimita 7, na mikato 21 inakaa kila sentimita 3, bila kubaki kitu. Walioitaka 15 walipata 4.2, wakakwama kidogo mpaka mmoja akasema wapime kwa milimita, 42. Sikuwahi kuona darasa hili likigawanya kwa hamu namna ile, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ilikuwa hesabu ya kugawanya.

Kila namba ilikuja na tabia yake. Waliochagua 21 walijikuta spoki zimesongamana karibu na kitovu, vidole haviingii, wakalazimika kuanza kufuma umbali wa vidole viwili kutoka katikati. Waliochagua 9 walikwenda haraka, lakini ukingoni spoki zilikuwa mbali mno na uzi ukalegea. Jozi moja ilichagua 10 kwa makusudi, ili watumie njia ya kugeuka, na ufa wao wakaupamba kwa uzi wa rangi nyingine.

Matokeo

Tulimaliza kwa vipindi 8 badala ya 6. Vile viwili vilitoka kwenye hesabu, na mwalimu alilazimika kuandika maelezo kwa uongozi. Maduara 15 yalikamilika, matatu yalibaki nusu. Wakati wa kufunga ncha za nyuma mbili mbili, wenye witiri walibakiwa na ncha moja kila mara na kuifunga tatu pamoja. Hilo hatukulipanga, ila wengi walilielewa kabla ya kuambiwa.

Wiki moja baadaye mwalimu alichora ubaoni duara la spoki 12 na jingine la 13, akawauliza kila mmoja peke yake kwenye daftari: lipi litashika kwa wimbo wa juu, chini, na kwa nini. Watoto 27 walichagua 13 na kutoa sababu inayoeleweka, wengine kwa kuchora mizunguko. Wanne walikisia bila sababu. Watano waliandika kwamba yote mawili yatagoma, kwa sababu inayoshika ni 15.

Uongozi wa shule uliomba maonyesho ya wazazi yawe na maduara mazuri tu. Mwalimu alijadiliana nao, wakakubaliana kila duara zuri litundikwe na lile la kwanza lililogoma chini yake, na maelezo yaandikwe na watoto.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hapa ni kifaa kusema chenyewe. Mtoto akikosea jumla kwenye daftari, anayemwambia ni kalamu nyekundu. Uzi ulipoteleza, hakuna mtu aliyemwambia msichana wa dirishani kwamba kuna tatizo. Aliliona, akalisema kwa maneno matatu, na maneno yale yalikuwa sahihi kuliko utambuzi wa walimu wawili waliokuwa chumbani. Kama ningeruhusiwa kurudia dakika moja ya kisa hiki, ni ile. "Uzi unapita palepale" ni maelezo kamili ya tatizo. Tuliyasikia kama malalamiko. Tangu siku hiyo, mtoto akiniambia jambo kuhusu kifaa kilicho mkononi mwake, kwanza nakishika kifaa.

Kuandika majibu yote ubaoni bila kuyahukumu kuliokoa kipindi cha tatu. Wazo la kadibodi iliyochanika lilionekana upuuzi, na ndilo lililokuwa na mlango. Mwalimu angetikisa kichwa mara moja tu, lingekufa.

Sampuli ya mzunguko mmoja ndiyo iliyotuponza mwanzo. Tulipima kama kazi inaanzika, hatukupima kama inaendelea. Mikeka ya karatasi ilitudanganya pia. Pale kila kipande kinajitegemea: kinaanza upya, na mwalimu ndiye anayesema hiki kianze juu, kile kianze chini. Kwenye duara uzi ni mmoja na hauna mahali pa kuanzia upya, kwa hiyo idadi ya spoki ndiyo inayoamua zamu. Wasusi wa vikapu vya duara wanalijua hili kwa mikono yao: wakisuka kwa ukindu mmoja huhakikisha mbavu ni witiri, na zikiwa shufwa husuka kwa kindu mbili zinazofuatana. Tungemuuliza msusi yeyote tungejua kwa dakika mbili. Niliyepaswa kufuma mzunguko wa pili kabla ya kusaini ni mimi.

Wimbo ulifanya mikono iende, ukafanya macho yalale. Siupingi, mtoto anayeanza anahitaji mwendo. Lakini ulipaswa kukoma baada ya mzunguko wa kwanza ili watu watazame walichofanya. Ukiendelea, unamfundisha mtoto kuuamini wimbo kuliko anachokiona.

Ile kazi ya usiku naiona kuwa kosa zito kuliko yote, ingawa ilitoka kwenye huruma, na walimu wengi wa sanaa tunaifanya: tunanyoosha kingo, tunagundisha upya, tunapaka pale palipokosekana rangi, ili ubaoni papendeze. Yule mvulana aliyelitafuta fundo lake nyuma ya duara alituambia tulichomwondolea. Hakurudi kufuma mpaka wiki ya pili, alipopewa duara jipya.

Kuhusu wale watano waliobaki na 15, kosa ni la mpangilio wetu, wala si la akili zao. Walishuhudia namba moja ikishinda, kwa kelele kubwa, mbele ya darasa zima. Kabla ya kukata maduara makubwa walipaswa kujaribu 7 na 8, 9 na 10, kwenye maduara madogo ya sentimita 10 ambayo yanafumika ndani ya kipindi kimoja. Hivyo ndivyo tulivyofanya muhula uliofuata na darasa jingine: nusu ya jozi walipewa shufwa, nusu witiri, bila kuambiwa. Tofauti ilijitokeza kwenye madawati ya jirani ndani ya dakika 15. Wapo wenzangu wanaosema bora kuwaacha wote wagome, kwamba ndivyo mtu anavyokomaa. Sikubaliani. Niliwaona wale wawili waliolia. Kugoma kwa nusu ya darasa kunaleta swali lilelile bila kumwacha mtoto akiamini kwamba mikono yake haifai.

Maduara ya mikato 16 yaliyobaki mwalimu aliyaweka kwenye boksi nyuma ya kabati. Siku za mwisho za muhula msichana wa dirishani aliomba moja, akaomba na nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu aliianzisha juu, nyeupe akaianzisha chini kwenye spoki hiyohiyo, akawa anazizungusha moja ikiifuata nyingine. Kila uzi ulipita palepale, mzunguko baada ya mzunguko, kama siku ile. Aliponiletea nilione, duara lilikuwa limebana kama ngoma, na kutoka kwenye kitovu hadi ukingoni ilitoka miale 16: 8 myekundu, 8 myeupe.